Kidogo Kwanza

Baba alikuwa msoma mita, na kazi ile ilimfundisha kutoamini namba yoyote ambayo hajaikagua mwenyewe. Akitaka kulipa bili, iwe ya umeme, ya maji au ya kuzoa taka, hakutuma pesa yote kwa mkupuo. Alituma kidogo kwanza, pesa ya kununulia pipi, kisha akakaa na simu mkononi na miwani puani, akisubiri jina lirudi. Jina likirudi sawasawa, anaitikia kwa kichwa na kutuma iliyobaki. Kama jina ni jipya kwake, alijaribu leo, akajaribu na siku nyingine, mpaka moyo wake utulie. Majirani wakambatiza Kidogo Kwanza. Badala ya kuchukia, akajisajili kwa jina hilohilo kwenye programu ya kampuni ya umeme.

"Chekeni tu," alikuwa akituambia. "Tarakimu moja ikiteleza, umemlipia umeme mjomba wa watu."

Tulicheka kwelikweli. Kisha akafa ghafla, ameinama anafunga kamba za viatu, na kicheko kikatuishia, kwa sababu nyumba yetu si ya kukatikiwa umeme. Mama anapumua kwa mashine. Iko kando ya kitanda chake, inavuta hewa ya chumbani, inaichuja na kuisukuma kwenye mpira mwembamba unaoingia puani mwake. Ina betri ya akiba, lakini imezeeka. Inakupa muda wa kuhangaika, si muda wa kwenda popote. Na umeme wetu ni wa kulipia kabla. Yuniti zikiisha, mita iliyo ukutani jikoni inalia mara moja na kila kitu kinazima.

Kwa hiyo tulikaa mezani, mimi na mdogo wangu, tuchague njia ya kulipa. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapohapo sebuleni. Mdogo wangu anauza mashine za kuchapishia maofisini, nasi tunamwita Injinia, kwa kuwa hakuna kitu asichokifungua, na hakuna alichokifungua kikafungika tena.

"Dada, njia bora ni malipo ya kujiendesha," alisema. "Unaweka kadi ya benki kwenye programu, yuniti zikipungua inanunua yenyewe. Unasahau kabisa."

"Hapo pa kusahau ndipo panaponitisha."

"Sasa unataka nini? Turudi kupanga foleni dirishani?"

"Nataka kulipa kwa mkono wangu, kwa simu, nione jina."

"Wewe na Baba, kopo na mfuniko! Na siku uko sokoni unachagua vitambaa, simu imeisha chaji, Mama atavuta nini?"

Hilo lilinibana, na mimi nikibanwa hununa. Nilinuna, lakini nikakubali. Injinia akaingiza kadi yetu, akabonyeza hapa na pale, akasema tayari. Laini ya simu ya Baba, Injinia alikuwa ameshakwenda kuifunga kule kampuni ya simu. Simu yenyewe niliitia kwenye droo ya cherehani, katikati ya vifungo na zipu, maana sikuwa na moyo wa kuitupa.

Mambo yalikwenda shwari kwa muda. Kisha asubuhi moja, nikiwa napinda upindo wa sketi, mita ikatoa ule mlio wake mwembamba wa kupokea, na simu yangu ikaleta ujumbe. Umeme umeongezwa. Kiasi chenyewe hakikutosha hata kuchemshia chai. Mwenye akaunti: jina la Mama, herufi zote mahali pake. Mlipaji: Kidogo Kwanza.

Nilisahau mguu kwenye kanyagio, cherehani ikaendelea kushona hewa.

Injinia aliporudi nikamwonyesha. Alisoma, akajikuna shingo.

"Ni mabaki ya mfumo. Labda Baba alikuwa amepanga malipo kabla hajafa."

"Laini si ulisema umeifunga?"

"Nimeifunga."

"Basi pesa imetoka mfuko gani?"

"Dada, mifumo ina mambo yake," alisema, akaenda kuoga. Mtu anayejua kila kitu ukimwona anakimbilia bafuni, ujue hajui.

Nilifungua droo nikaitoa simu ya Baba. Ilikuwa baridi, imekufa. Nilibonyeza kitufe mpaka kidole kikauma, haikuwaka. Nikairudisha kati ya vifungo, nikafunga droo.

Malipo yale yakaja tena, na baada ya siku kadhaa yakaja tena, kila mara kiasi kilekile cha pipi. Mara hiyo ya tatu nilikuwa chumbani kwa Mama nampaka mafuta miguuni. Mita ililia kule jikoni, na Mama akafumbua macho.

"Huyo," alisema.

"Nani, Mama?"

"Baba yako. Anajaribu." Mama huongea kwa vipande, anasubiri hewa imfikie. "Anaangalia kama jina ni lenyewe. Akiridhika, atatuma chote."

"Chote kipi?"

Alinyoosha kidole kabatini, kwenye gauni lake la buluu, lile alilokuwa akilivaa kwenye harusi za watu.

"Limenipwaya. Nipunguzie ubavuni. Sitaki anikute nimevaa gunia."

Nilicheka, maana huyo ndiye Mama. Kisha nikaenda jikoni, nikafungua bomba ili asinisikie, nikalia. Watu huniuliza kama sijachoka kumuuguza. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Sijachoka, na sikuwa tayari kumpa mtu yeyote mama yangu, hata kama mtu huyo alikuwa mumewe kabla sijazaliwa. Gauni nililitundika nyuma ya mlango wa chumba chake, nikamwambia nina kazi nyingi za wateja.

Siku hiyohiyo nilifungua programu ya umeme, nikatafuta mahali penye orodha ya walipaji. Tulikuwa wawili tu, kadi yetu na Kidogo Kwanza. Niligusa jina lake, nikagusa Ondoa. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikajibu Ndiyo. Jina likafutika, na nikaona aibu, kama mtu aliyemfungia baba yake nje.

Wiki iliyofuata ilinyesha mvua kubwa. Mchana, nikiwa katikati ya sare za shule ambazo mteja alikuwa amezilipia zote, ujumbe ukaingia: malipo hayakufaulu, benki iko kwenye matengenezo. Sikuwahi hata kusimama. Mita ililia, sindano ikakwama ndani ya kitambaa, friji ikanyamaza. Chumbani kwa Mama mashine ikaanza kupiga kengele ya betri.

Nilimpigia Injinia.

"Nimeiona, nimeiona!" alisema, huku mvua ikipiga kelele upande wake. "Nalipa kwa simu yangu sasa hivi, lakini mtandao unazunguka tu. Na wewe jaribu!"

Nilikuwa na pesa ya sare kwenye simu. Nilisimama mlangoni kwa Mama nikiandika namba ya mita bila kuirudia kuisoma, huku ile kengele ikinitoboa masikio. Sikutuma kidogo kwanza. Nani angekuwa na subira hiyo? Nilituma yote. Jina lilirudi, na jicho langu lililisoma wakati pesa imeshakwenda. Halikuwa la Mama. Lilikuwa la mwanamume nisiyemjua, mwenye bahati, ambaye bila shaka nyumbani kwake taa ziliwaka vizuri kabisa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa nimemlipia mjomba wa watu, na simu haikuwa na kitu tena.

Midomo ya Mama ilianza kubadilika rangi. Nilimwinua, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamwambia avute taratibu, nami mwenyewe nilikuwa sivuti.

Kule jikoni mita ikatoa mlio mwembamba.

Taa ikawaka. Mashine ikakohoa, ikaanza kuvuma. Ujumbe uliniambia kiasi, kile cha pipi, na mlipaji, yuleyule niliyemfuta kwa kidole changu. Sikuuliza imewezekanaje. Ningeweza kuubusu ukuta ule. Lakini nilijua umeme wa kiasi kile hauna umri, na betri ilikuwa imekwisha.

Kisha simu ikaleta kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye programu ile. Kidogo Kwanza yuko tayari kulipia chote. Thibitisha mwenye akaunti. Chini yake jina la Mama, na chini ya jina vitufe viwili: Ndiye, na Badilisha.

Sebuleni, ndani ya droo ya cherehani, kitu kilikuwa kinatetemeka kati ya vifungo. Nilivisikia vikigongana.

"Ni yeye?" Mama aliuliza.

"Ni yeye."

Alitazama gauni la buluu nyuma ya mlango. Uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo sikuipenda.

"Mwambie ndiyo, mwanangu. Asisimame mvuani."

Nilimpenda sana saa ile, na nilimkatalia. Nikagusa Badilisha. Nililifuta jina la Mama, nikaandika langu, lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nikalikagua herufi kwa herufi, jinsi Baba alivyotufundisha. Nikathibitisha.

Droo ilinyamaza. Kwa muda nilisikia mvua na mashine tu. Niliyafumba macho nikasubiri, nikijiuliza chote kikija kinaanzia wapi mwilini.

Mita ikalia. Nilifumbua macho nikasoma. Kiasi cha pipi. Mwenye akaunti: mimi.

Hapo ndipo nilipokumbuka baba yangu ni mtu wa namna gani. Jina langu lilikuwa jipya kwake kwenye mita ile. Asingeliamini siku hiyohiyo.

Kile kidogo kilitufikisha mpaka malipo ya Injinia yakapita. Aliingia nyumbani amelowa chapachapa, ametabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Umeona? Mimi nilisema mtandao ndio njia. Yuniti zimeingia bila mtu kutoka nyumbani!"

"Nimeona," nilimwambia, nikampa taulo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo sikumsifu.

Mama hakusema nami mpaka nilipokwenda kumtandikia kitanda. Alinishika kiwiko.

"Umeandika la nani?"

"La mwenye nyumba, Mama. Pumzika."

"Nilikuzaa mimi," alisema. "Usinidanganye." Machozi yakamtoka yakashuka mpaka kwenye mpira wa hewa, nikayafuta kwa upindo wa kanga yangu, na hatukuzungumza tena jambo lile.

Siku hizi umeme naulipia kwa mkono wangu. Natuma kidogo kwanza, nasubiri jina, kisha natuma iliyobaki, na yuniti naziongeza kabla hazijakaribia kuisha. Injinia anasema nimezeeka kabla ya wakati. Kadi ya benki tumeiacha kwa ajili ya maji na taka, ambavyo vikichelewa havimuui mtu. Hiyo ndiyo njia bora niliyoipata, na mtu akiniuliza namshauri hivyo.

Mama anakula vizuri. Anapumua vizuri. Hajauliza tena habari za mtu kusimama mvuani.

Na mita bado inalia mlio wake mwembamba, mara nikiwa napiga pasi, mara nikiwa namchukua mteja vipimo. Siwaambii kitu wateja, nasoma ujumbe na kuirudisha simu mfukoni. Kiasi ni kilekile, jina ni langu. Mwanzoni malipo yale yalikuwa yanapishana kwa wiki, sasa yanakaribiana.

Jana nililishusha gauni la buluu nyuma ya mlango. Mama alinitazama nikilitoa. Mimi ni mnene kuliko yeye, kwa hiyo ubavuni sitapunguza, itabidi nifumue niongeze kitambaa.