Mpunga Wenye Utepe Mwekundu

Dada mtu alikuwa na tabia moja iliyowachosha ndugu zake wote: ukimfuata kazini na shida yako, kwanza anakupa kazi. Mdogo wake alitoka hospitali moja kwa moja kuja kwake, hofu ya kuachwa na mume imemjaa tele. Kabla hajafungua mdomo, alishakalishwa kwenye kigoda ndani ya banda la kioo la watafiti wa mpunga, mkononi kibanio chembamba cha kutolea nyusi, mbele yake hadubini na suke la mpunga.

"Nisaidie hili tu, halafu tupige soga," alisema dada, macho kwenye vyungu vyake.

Humo ndani joto lilikuwa la kukausha nguo. Mipunga mingine ilisimama wima, mingine ilikuwa imelegeza majani kama mtu aliyekosa usingizi. Mdogo mtu alikuwa fundi cherehani, vitu vidogo havikumpa tabu. Alifungua ganda la ua kwa ncha ya kibanio, akachungulia.

"Naona vijiti vyenye vichwa vya njano."

"Huo upande wa kiume, hapo ndipo chavua inapotoka. Kawaida viko sita. Vihesabu."

"Mbona hivi ni vingi? Tisa."

"Na pale katikati, kuna kifuko cha mbegu? Kina manyoya mawili juu, huwezi kukikosa."

"Hakuna kifuko. Vijiti vilevile tu."

"Sasa hapo ndipo penye utamu!" Dada alipiga makofi. Ungedhani kaambiwa kapata mjukuu. "Kuna jeni moja kazi yake ni kuagiza, hapa katikati ya ua jengeni kifuko cha mbegu. Hiyohiyo ndiyo inayolipatia jani uti wa mgongo. Ikinyamaza, jani linalegea, na katikati ya ua panaota dume juu ya dume."

"Kwa hiyo mpunga wenyewe ulikosea wapi?"

"Ukosee nini, maskini? Umezaliwa hivyo. Haya, ufunge utepe mwekundu, tuendelee."

"Utepe wa nini?"

"Wa kuonyesha kwamba huo ni tasa. Ukishahesabiwa tunaung'oa, unatujazia nafasi bure. Tunabakiza ndugu zake, wao wanaibeba hiyo jeni yenye hitilafu kimyakimya na mbegu wanatoa."

Aliyasema kwa furaha kabisa. Watu wa kazi ile husema hivyo kutwa nzima, neno tasa wameshalizoea mdomoni, hawalisikii tena. Mdogo mtu alilisikia. Alifunga utepe kwenye shina, akakata mwingine, akabaki nao mkononi.

"Dada, na mimi nijifunge wapi?"

"Jifunge kichwani, utapendeza." Dada alicheka, kisha kwa mara ya kwanza tangu mgeni wake aingie, akamtazama usoni. Kicheko kikakatika.

"Majibu ya vipimo vya wiki iliyopita yametoka. Daktari amesema mfuko wangu wa uzazi haukukua. Tangu tumboni mwa mama. Hauwezi kubeba mimba, na dawa hakuna."

Dada alikaa chini palepale, kwenye sakafu yenye maji, na koti lake jeupe. Alimshika magoti mdogo wake akalia bila kujificha, kwa uchungu na kwa aibu.

"Nisamehe, mdogo wangu. Mdomo wangu huu! Wewe una la kusema, mimi nakuhesabisha vijiti."

"Hukujua."

"Sikuuliza. Shemeji anajua?"

"Nimwambie nini? Kwao ni mtoto wa pekee. Kila simu mama yake anauliza mjukuu. Ataniacha, dada."

Simu ikaita. Ni mume. Dada alinyoosha mkono aipokee yeye, lakini mdogo mtu alikataa kwa kichwa. Aliweka kibanio chini akaongea mwenyewe, maneno yaleyale aliyoambiwa na daktari, bila kuyapunguza wala kuyapamba.

"Ni hilo tu?" mume aliuliza.

"Hilo tu? Umenisikia lakini? Sitazaa."

"Nimekusikia. Wiki nzima huli. Unafungulia bomba bafuni ili nisisikie unavyolia. Nikiuliza unasema mafua. Mimi nilishajua una ugonjwa wa kufa, mke wangu. Jana nimekaa kazini natazama ukuta." Sauti ilimtetemeka. "Niambie ukweli, daktari amesema utakufa?"

"Hapana. Sifi. Mimi ni mzima."

"Kweli?"

"Kweli."

Mwanamume akaangua kilio huko huko aliko, kwa sauti kama mtoto, na mkewe akaanza kumbembeleza.