Rambirambi Zangu

Kidole tumbo kiliniangusha Darsait, huku Omani, Ijumaa asubuhi, mbele ya kikaango cha maandazi. Hospitali ya binafsi ikataka riali mia nne kwanza, ndipo wanipasue. Bima sina. Nasafisha nyumba za watu, leo Ghubra, kesho Qurum.

Belinda, ninayeishi naye chumba kimoja, ndiye mweka hazina wa kikundi chetu cha Watanzania. Kikundi hicho kina kazi moja tu: kuchangia maiti wetu warudishwe nyumbani. Kwa kiwewe, Belinda akachukua tangazo la msiba uliopita, akabadili jina na picha, akatuma. Hakubadili kingine. Watu wakasoma kwamba Veneranda, yaani mimi, hatunaye tena, tuchangie haraka.

Ndani ya saa moja zikafika riali mia nne na thelathini. Nikapasuliwa.

Nilipozinduka, Bi Hasina alikuwa amesimama miguuni pangu. Ni bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja; kwake nasafisha kila Alhamisi, na tangazo lilikuwa limemfikia naye.

"Wallahi, miye nnakuja na ubani, nnalia njia nzima, kumbe we upo wataka uji!"

Akanisema weee, akalia tena, akaniwekea bahasha yake ya rambirambi chini ya mto. Jioni dereva wake akaleta uji.

Belinda alitamani ardhi immeze. Mimi, nikicheka huku mshono unaniuma, nikaandika kwenye kikundi kwamba niko hai, na kila mtu nitamrudishia chake polepole. Mwenyekiti wetu, Mama Filomena, hana maneno mengi. Akajibu: "Rambirambi hazirudishwi. Pona."

Nikamwomba Belinda anisomee majina ya waliochanga, moja moja. Wengine tulikuwa tumenuniana tangu Pasaka. Nikaona haya. Nikashukuru kwa kila jina, kwa sauti, hadi nesi akaninyamazisha.

La mwisho lilikuwa la Lwanga, Mganda, mlinzi wa getini Qurum. Kwenye kikundi hayumo. Tangazo alionyeshwa tu. Namjua kwa salamu, basi. Alituma riali tano na maneno machache: "Za kumfikisha kwa mama yake."

Hapo nikashindwa kucheka. Nikampigia mama Bukoba. Akauliza kuna nini, mbona saa hizi.

"Hakuna kitu, mama," nikamwambia. "Nilitaka tu unisikie."