Sentimita Mbili Kila Mwaka

Mzee Utepe, mpima miti wa idara ya misitu, alikuwa hajatia mguu msituni miaka sita. Goti lilimsumbua, na kilima kile, we acha tu. Kila mwaka alikaa zake nyumbani, akachukua fomu ya mwaka uliopita, kila mti akauongezea sentimita mbili, akatia sahihi. Miti arobaini, yote mizima.

Siku moja akaitwa ofisini. Mtaalamu, binti ambaye mzee angeweza kumzaa kabisa, akamwonyesha picha ya setilaiti kwenye kompyuta.

"Mzee, hapa ndipo penye miti yako. Setilaiti inasema hakuna hata mmoja. Peupe!"

Mzee akaona pensheni yake inaota mbawa, na imebaki miezi mitatu tu astaafu. Akaona bora aungame.

"Mwanangu, labda hiyo setilaiti inaona vizuri..."

"Acha kujishusha, mzee wangu! Yenyewe iko juu huko mbinguni, wewe miti unaikumbatia kwa mikono. Vipimo vyako ndivyo tunavyoisahihishia."

Akabonyeza, akabonyeza tena, kilima kizima kikawa kijani.

"Haya. Sasa imeelewa."

Mzee akarudi nyumbani na cheti cha uaminifu. Akamkuta mkewe anapuliza jiko.

"Baba, mkaa umeadimika. Wachomaji wanasema kule kilimani miti imekwisha."

"Waongo hao," akasema, akinyoosha goti. "Imeongezeka sentimita mbili."