Salamu Zilizobaki Kwenye Chujio

Firdausi alishuka kwenye lori mjini Kasulu akiwa na swali moja: je, Bwana Shamsi amejibu? Nta aliyoikusanya kwa warina asali wa Kibondo ilikuwa imejaza ghala, na Shamsi, mtengeneza mishumaa wa Dar es Salaam, alikuwa ameahidi kuinunua yote, mradi athibitishiwe kwa barua pepe kabla mvua haijaharibu barabara. Mvua ilikuwa imekwisha anza.

Evaristi, aliyeendesha redio na kompyuta ya misheni, alitikisa kichwa kabla hajaulizwa.

"Bado, dada."

"Hata salamu?"

"Hata kikohozi."

Firdausi aliketi. Alikuwa ameandika, akangoja, akaandika tena. Kwao, mtu uliyemsalimu akinyamaza, hujiuliza umemkosea nini. Humfuati na bei, humfuata na salamu nzuri zaidi. Hivyo kila barua ilikuwa ndefu kuliko iliyoitangulia. Ilimtakia Shamsi afya, ikapita kwa mkewe, watoto na majirani, ikamwombea kwa Mungu mali isiyokatika na baraka zisizo na kifani; ndipo mwishoni kabisa, kama mgeni anayetaja haja yake akiwa ameshika mlango, ikasema kwamba nta ipo tayari.

"Ile ya mwisho umewasalimu mpaka kuku," Evaristi alisema. "Naichapa huku natamani kuhamia kwao."

Firdausi hakucheka, wala hakuudhika.

Evaristi akashusha sauti. "Jana nilimpigia simu fundi wa kampuni inayopokea barua za Shamsi. Wamefunga chujio la kuzuia matapeli. Linasoma kabla ya mtu. Likikuta maneno kama rafiki mpendwa, mali, baraka, na barua yenyewe inakuja tena na tena, linasema: huyu tapeli. Sasa limeikataa anwani yetu nzima. Hata barua za padri hazipiti."

"Shamsi anajua?"

"Haambiwi. Na sisi hatuambiwi. Linatupa tu."

Firdausi alikifikiria kitambaa anachochujia nta iliyoyeyushwa. Kabla ya kumwaga makapi, siku zote huyageuza kwa kijiti, asije akatupa donge zuri pamoja na nyuki waliokufa.

"Fundi ametufungulia njia," Evaristi alisema. "Lakini tuandike kwa kifupi."

"Andika: Nta ipo. Ghala limejaa. Tuma gari."

Vidole vya Evaristi vilisita. "Hata amahoro moja ya kumtakia amani?"

"Andika ulivyosikia."

Firdausi alilala kwa shangazi yake. Asubuhi jibu lilikuwa limefika, na Evaristi alilisoma polepole, pasipo utani.

"Salaam Bi Firdausi. Hujambo? Wazee hawajambo? Huku tulikaa na wasiwasi, maana si kawaida yako kunyamaza. Mke wangu alidhani tumekuudhi, nami nikaona haya kukusumbua. Nta tumekwisha pata Tabora, na pesa yote imekwenda huko. Mungu akuzidishie baraka."

Nje lori la Kibondo lilikuwa likipakia. Huko warina asali walikuwa wakimngoja arudi na habari njema. Firdausi alijikagua moyoni kama mtu anayepapasa mguu uliokufa ganzi, hakupata maumivu.

"Soma tena," alisema. "Pale mwanzo tu."

Evaristi akasoma, akaishia kwenye wazee.

"Tumjibu nini, dada?"

Firdausi alijitanda khanga.

"Mwambie hawajambo."