Kitanda cha Saba

Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne tu. Nakhumicha aliiandika Jumatano, akaisoma mara tatu kuhakikisha haina neno hata moja la kumchokoza mtu, kisha akaichapisha ofisini bosi alipokwenda kula. Ilisema kwamba Kivuva Ndeti, fundi seremala, ndiye aliyetengeneza vitanda vya wanaanga katika filamu ya Waliolala Angani, na kwamba jina lake liliachwa nje ya orodha ya majina ya mwisho. Chini palikuwa na nafasi tatu za sahihi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Ya mwenyekiti, yaani yeye, ilikuwa imeshatiwa. Zilibaki mbili, na sasa ilikuwa saa tisa na nusu, Jumamosi, ghorofani juu ya banda la nyama choma pale Kenyatta Market, na kalamu ilikuwa bado mezani na kifuniko chake.

Ingekuwa ni kazi ya dakika mbili kwa watu wenye akili zao. Lakini hawa walikuwa mashabiki.

Filamu ilikuwa inatimiza miaka kumi na ingeonyeshwa upya mjini. Ekta, aliyerithi kampuni ya filamu kutoka kwa mjomba wake, alikubali kurekebisha orodha ya majina kwa sharti moja. Mwezi uliotangulia chama cha mashabiki kilikuwa kimemwandikia barua kumi na moja, na hakuna mbili zilizokubaliana. Kwa hiyo safari hii alitaka barua moja, yenye sahihi za viongozi wote watatu, kabla ya saa kumi na moja jioni ya Jumamosi. Baada ya hapo kazi ingefungwa, na alisema waziwazi kwamba hataki tena kusikia habari za vitanda.

Maana ugomvi wote ulikuwa ni wa vitanda. Mwanzoni mwa filamu, chombo kinapoondoka duniani, vipo saba, vya rangi ya fedha na mstari wa buluu, vimesimamishwa ukutani. Mwishoni, chombo kinapotua, vipo sita. Filamu haisemi lolote. Lenox, katibu, ambaye hutengeneza simu mjini na hubishana na wateja kwa raha zake, alishikilia kwamba nahodha alikitupa kimoja nje na msaliti ndani yake. Aly, mweka hazina, aliyekuwa akiuza miwani katika duka la babake, alishikilia kwamba tangu mwanzo vilikuwa sita, na kwamba cha saba ni kivuli tu kwenye ukuta uliong'arishwa. Alikuwa amepima kila picha kwa rula ya dukani. Chama kikagawanyika, wa Saba huku na wa Sita kule, na kuna wachumba waliovunja posa kwa sababu hiyo.

Nakhumicha alikuwa ameepuka idadi makusudi. Aliandika "vitanda" basi, akadhani amekuwa mjanja. Lenox aliposoma alisema hatii sahihi mpaka iandikwe saba. Aly akasema naye yuko tayari kabisa, ikishaandikwa sita. Kuacha idadi, walisema wote wawili kwa pamoja, ni dharau. Ndilo jambo pekee walilokubaliana mchana kutwa.

Alitamani kuwagonganisha vichwa. Lakini mwenyewe Kivuva alikuwa ameketi pale pale, mwisho wa meza, ndani ya koti la kanisani, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi, akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia arusi isiyo yake. Nakhumicha aliona aibu mpaka masikioni.

Yeye ndiye aliyemleta. Wiki tatu nyuma alikwenda na wenzake wa ofisini kumnunulia jeneza mama wa mfanyakazi mwenzao, kule kwa mafundi walio karibu na mochari. Katika karakana moja akaona jeneza lenye kidirisha cha kioo upande wa uso, na juu yake kifuniko kidogo chenye bawaba ya shaba iliyokatwa mfano wa jani. Alikuwa ameiona bawaba ile mara ishirini na kitu kwenye filamu. Akasahau kabisa msiba uliompeleka, akamuuliza fundi.

"Zile zilikuwa zangu," Kivuva alimwambia. "Mama, mimi niko na miaka ishirini na sita kwa hii kazi, na kila kitu nimetengeneza kimefukiwa. Zile tu ndizo watu walikaa chini wakaangalia."

Alipomuuliza mbona jina lake halimo, alisema tu kwamba walikosana na msimamizi wa picha, mtu ambaye alishahamia ng'ambo zamani. Hata nyumbani kwake Woodley hawakumwamini. Kila filamu ilipotajwa, mkewe, Wanjira, alimwambia aache hadithi, watu wasije wakadhani gundi imempanda kichwani. Nakhumicha akamwahidi hapo hapo kwamba jina litaingia. Aliahidi kwa urahisi sana, akisahau ni watu gani anaowaongoza.

Saa kumi kamili akapiga meza. Aliwaambia fundi aliyevitengeneza yuko mbele yao, mzima, ana masikio na mdomo, na kwamba kwa miaka yote hii hakuna aliyewahi kuwa na bahati hiyo. Wamuulize.

Wakamuuliza, lakini si idadi. Lenox alianza na kifuniko cha kidirisha. Kwa nini kifuniko kilikuwa kwa nje? Yeye alikuwa ameandika kurasa arobaini kuthibitisha kwamba wanaanga wale walikuwa wafungwa. Aly akadakia kwamba ni kinga ya miale ya jua, jambo lililo wazi kwa yeyote mwenye macho. Kivuva aliwasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Kiko nje kwa sababu anayefungua ni anayebaki," alisema. "Ni cha kuagana. Mimi walinipa mchoro wa kitanda, nikatengeneza vile mkono wangu umezoea."

Lenox akatikisa kichwa polepole. "Mzee, na heshima zote, wewe uliunda tu. Meaning yake si lazima uijue."

Nakhumicha alimtazama Lenox, akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, akaona hazitoshi, akaendelea mpaka ishirini. Aly, badala ya kumtetea mzee, alikuwa akiandika kwenye daftari lake kwamba fundi hakukanusha habari ya miale. Simu ya Kivuva ikalia. Aliongea kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, akasema atafika. Saa ilikuwa kumi na dakika ishirini.

Hapo Nakhumicha akamgeukia mzee mwenyewe. Alimwomba radhi, akamwambia aseme tu: vilikuwa saba au sita?

Kivuva alifuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. Nakhumicha akafahamu kwamba mzee alikuwa anaogopa, na hilo hakulitarajia.

Kisha akaeleza, bila kuharakisha. Vilikuwa saba. Alivitengeneza virefu kuliko kawaida, futi saba kasoro, kwa ajili ya viatu na kofia za wanaanga. Siku moja kabla ya kupiga onyesho la mwisho vyote vilirudishwa karakanani ili vipakwe rangi. Jioni hiyo akaja mtu kutoka mochari kuchukua jeneza la kaka yake, mwalimu mmoja wa Ugenya aitwaye Jackton Odero. Mtu huyo alikuwa ameagiza kwa simu, saizi ya kawaida. Watu wakifiwa huagiza saizi ya kawaida, Kivuva alisema, hawana moyo wa kutaja vipimo. Odero hakuwa wa kawaida. Mlango wowote aliingia ameinama. Gari la kwenda nyumbani lilikuwa linanguruma nje, mama yao ameshapanda, na jeneza lilikuwa fupi kwa kiasi cha shubiri nzima.

"Wakaniambia nikunje magoti yake," alisema Kivuva. "Nikawaambia mtu hakunjwi. Nikawapa ile ya sinema, nikabaki na ile fupi. Ndugu yake akauliza mbona iko na namba. Nikamwambia ni saizi."

Alidhani angeunda nyingine kabla ya asubuhi, lakini rangi haikukauka. Msimamizi alisema ameuza mali ya kampuni. Hakuuza, alibadilisha. Wakapiga picha na sita, jina lake likafutwa, na akaambiwa ashukuru Mungu kwamba hakupelekwa polisi. Ndiyo sababu hakuwahi kulifuatilia. Akatoa bahasha mfuko wa ndani wa koti, na katika bahasha picha iliyopauka: hema, wanawake wa leso, viti vya plastiki, na katikati yao, juu ya stuli mbili, kitanda cha rangi ya fedha chenye mstari wa buluu na namba 4 ubavuni. Kifuniko cha kidirisha kilikuwa wazi. Bibi kizee alikuwa ameinama juu yake.

Lenox na Aly wakaiinamia picha, vichwa vikikaribiana. Nakhumicha akafikiri, haya, sasa wamekuwa watu.

Kisha Aly akaivuta picha karibu na miwani yake. Alisema hapo pana tatizo, kwa sababu katika onyesho la mwisho namba nne ipo. Inayokosekana ni saba. Lenox akainyakua, akasema hata ile buluu si ile, hii imekolea. Kivuva akaeleza kwa uchovu kwamba msimamizi ndiye aliyetaka pengo liwe mwisho wa safu, akamwambia afute saba aandike nne, na ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kufukuzwa. Aly akasema kama ni hivyo basi kivuli kingeweza kuwa cha namba nne ya kwanza. Lenox akasema huo ni upuuzi. Wakaanza kuvutania picha.

Nakhumicha akapandwa na hasira ya miaka yote kwa mara moja. Aliweka kiganja juu ya picha, akaibana mezani pamoja na vidole vyao.

"Huyu mama anamuaga mtoto wake," alisema. "Na nyinyi mnapima rangi."

Kivuva alikuwa ameshasimama, anafunga vifungo vya koti. Alisema hana ubaya na mtu, ila kuna familia inamngoja saa kumi na moja na bado hajapiga vanishi. Nakhumicha akamfuata mpaka ngazini, akamuuliza kama anaweza kuyaandika haya yote, lile la jeneza pia. Mzee alifikiri akiwa ameshika ukuta. Akasema aandike, na picha abaki nayo. Alikuwa amechoka kukaa nayo, na kama kwa sababu hiyo jina litakataliwa, basi likataliwe kwa jambo la kweli.

Saa kumi na dakika arobaini na tano. Nakhumicha aliichana barua yake ya mistari minne, akaandika nyingine kwa mkono nyuma ya karatasi ya bei za nyama. Kivuva Ndeti alitengeneza vitanda saba. Onyesho la mwisho lilipigwa na sita. Cha saba alizikwa nacho Mwalimu Jackton Odero, kwa sababu alikuwa mrefu na fundi hakukubali akunjwe. Akatia sahihi yake chini, akaisukuma mbele yao.

Lenox aliisoma, akatafuta pa kushika, akaona saba imo. Aly naye akaona sita imo. Wakatia sahihi, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake. Saa kumi na dakika hamsini na sita barua ilimfikia Ekta kwa simu, pamoja na picha ya hema. Jibu lilikuwa neno moja, imefika, na Nakhumicha akarudi nyumbani bila kujua kama amemsaidia mzee au amemchongea.

Wiki tatu baadaye ukumbi wa sinema mjini ulijaa mchana wa Jumapili. Kivuva alikuja na Wanjira, wakaketi kando ya Nakhumicha. Chombo kilipotua na vile vitanda sita vikaonekana ukutani, mzee hakuvitazama. Alitazama pengo la mwisho wa safu, mikono imepumzika mapajani. Majina yakaanza kupanda. Wanjira alisoma kwa sauti, pole pole, silabi kwa silabi: Vitanda vya wanaanga, Kivuva Ndeti. Kisha akamshika mumewe mkono wa koti, akaushikilia hivyo hivyo. Chini ya jina lile Ekta alikuwa ameongeza mstari mmoja: Cha saba, Jackton Odero.

Nje, kwenye ngazi, mambo yalikuwa yameshachacha. Mashabiki wa mbali, ambao hawakuwa na habari ya barua wala ya picha, walikuwa wamemzunguka kijana mmoja mwenye fulana ya filamu, naye akiwahakikishia kwamba sasa siri imefichuka. Odero ndilo jina la mwanaanga wa saba. Ndiye msaliti aliyetupwa nje, na kampuni imekiri yenyewe.

Nakhumicha alifumba macho. Hakuwa na nguvu za kuanza upya, na mzee alikuwa hatua tatu nyuma yake, anasikia. Alipoyafumbua aliwaona Lenox na Aly wamesimama mbele ya yule kijana, bega kwa bega, kwa mara ya kwanza tangu awafahamu.

"Huyo hakuwa msaliti," Lenox alisema.

Kijana akauliza sasa alikuwa nani. Lenox akamtazama Aly, na Aly akavua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Alikuwa mwalimu," alisema. "Alikuwa mrefu tu."