Jina Katika Hisa ya Mama Adolphine

Katika Elisabethville yote hakuna karatasi ya Kizungu iliyopata kunishinda. Nasema hivyo bila aibu. Nilikuwa na miaka minne ya sekondari kwa mapadri, kalamu ya wino mfukoni, na kazi ya ukarani kwa bwana mmoja aliyekuwa akiwanunulia na kuwauzia watu hisa. Vijana wa cité, mtaa wa weusi, waliniita Notaire, yaani mwandishi wa hati za sheria. Niliwaacha waniite.

Ndiyo maana Mama Adolphine alinituma mimi. Mume wake, Stanislas, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mtafuta madini. Mzungu yule alipokuwa akifa kwa homa alimpa mpishi wake hisa moja ya kampuni ya shaba, karatasi kubwa ya kijani yenye kuponi pembeni, pamoja na barua ya mistari mitatu kusema ameitoa kwa Stanislas na mke wake. Hisa yenyewe haikuwa na jina. Anayeishika ndiye mwenyewe. Kila mwaka Stanislas alikata kuponi moja kwa mkasi, kwa adabu, kama anamnyoa askofu, akaipeleka kwenye dirisha la benki akalipwa.

Basi mwaka ule vita vilipokwisha Ulaya, ilani ikabandikwa mjini: hisa zote zisizo na jina ziletwe kabla ya Jumamosi, ziandikwe jina la mwenyewe na kupigwa muhuri. Isiyoletwa imekufa. Wazungu wenyewe walihangaika. Bwana wangu alikuwa na sigara moja mdomoni na nyingine ikiungua juu ya meza.

Stanislas alikuwa na wiki tatu kaburini. Kambi ya kampuni, alikopata kazi baada ya Mzungu wake kufa, ilimpa mjane wake mpaka mwisho wa mwezi atoke, kwa maana nyumba ya kambi ni ya mwenye kazi, na maiti hana kazi. Alikuwa ameonyeshwa kiwanja huko cité. Hisa ikiuzwa, atajenga chumba chake; isipouzwa, ataondoka na sufuria zake kichwani, aende asikokujua. Lakini kwenda dirishani mwenyewe hakuweza. Ndugu za marehemu walikuwa bado njiani kutoka Mitwaba, na mjane ambaye ndugu za mume hawajamtoa katika kilio hasimami mbele ya watu namna ile.

Alinipa karatasi na barua, zimefungwa katika kitambaa.

"Useme ni ya Adolphine, bibi ya Stanislas," aliniambia. "Ni ile tu, mutoto wangu."

Nilimtania kwamba nitamwandikisha kama malkia wa shaba. Hakucheka.

Ijumaa nilisimama foleni. Mbele Wabelgiji, nyuma Wagiriki wa maduka, na weusi tulikuwa wawili: mimi, na tata Kapya, mzee mlinzi wa mlango aliyekuwa akiwapanga watu. Sheria ilikuwa na kurasa mbili. Mimi nilikuwa nimesoma wa kwanza. Wa pili niliuona mrefu.

Bwana wa dirishani alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akauliza mwenye hisa ni nani. Nyuma yangu Wagiriki wakasogea kusikiliza. Sijui nilipatwa na nini. Nilitaja jina langu, Liévin, na la baba yangu juu yake. Kitambaa chenye barua kikabaki mfukoni. Muhuri ukapigwa. Nilipotoka, Mgiriki mmoja alinipisha njia. Hilo nalikumbuka vizuri sana.

Nilijiambia si wizi. Jumatatu nitaiuza, nitampa mama faranga zake zote.

Jumatatu bwana wangu alinisomea ukurasa wa pili. Mwenye barua ya kuonyesha alikoipata hisa anaweza kuiuza siku ileile. Asiye nayo, hisa yake inafungwa mpaka Serikali ichunguze. Labda mwaka, labda miwili. Barua niliyokuwa nayo ilitaja watu wawili, na mimi sikuwa mmoja wao. Kubadilisha jina nako ni uchunguzi uleule. Mwisho wa mwezi ulikuwa siku tisa mbele.

Siku tatu nilipita njia ya nyuma ili nisionane naye. Siku ya nne aliniita.

Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, wanawake wamemzunguka, na wanaume wachache ukutani wakinywa chai ya kilio. Nilikuwa nimeyatengeneza maneno yangu njiani. Nikaeleza kwa Kifaransa kidogo, ili yapate uzito, kwamba sheria mpya ni kali, kwamba bwana wa dirishani alikataa katakata jina la mwanamke mjane, na mimi, kwa kuiokoa hisa isife, nikatoa langu. Wanawake waliguna kwa huruma. Mmoja alisema Mungu anibariki. Niliinamisha kichwa kama mtu anayepokea.

Ukutani mzee mmoja akaweka kikombe chini. Alikuwa tata Kapya. Sikujua kwamba yeye na Stanislas walikuja mjini kwa treni moja.

"Hapana, mama," alisema. "Ule bwana hakukatala jina ya muntu. Aliuliza mara moja tu: hii ni ya nani? Njo huyu akajibu: yangu."

Mama Adolphine hakunitazama. Alimwomba tata Kapya arudie, polepole, bantu bote basikie.

Akarudia.