Njia Iliyokufa kwa Adabu

Muuza maziwa alijitwika dumu lake akateremka bondeni, umande ukimlowesha miguu. Mvua zilikuwa zimekatika, na kile kibao cha "Njia imefungwa kwa muda, tafadhali zungukeni barabarani" kilikuwa kimeng'olewa kwenye geti la shamba ambamo njia ilipita. Moyo ukamtulia. Msimu mzima alizunguka kwa barabara, maziwa yakifika kwenye gari la kiwanda yameshachacha, akarudi nayo kuwapa mbwa. Majirani walipotaka kuruka waya, ni yeye aliyewatuliza.

"Tuwe na adabu, jamani. Mwenye shamba ameomba tu. Tukileta ubishi, atatufungia kweli."

Alisukuma geti, akaingia, akageuka kulifunga na kuzungusha waya wake, ng'ombe wa watu wasitoroke. Alipoinuka alimkuta mlinzi amesimama mbele yake ndani ya koti jipya. Alikuwa mpwa wake, yatima aliyekuzwa kwa maziwa ya ndoo yake.

"Rudi ulikotoka, shangazi."

"We mtoto, umeamka vibaya? Gari litaniacha."

"Njia hakuna tena."

Shangazi akacheka. Alimjua huyu tangu hajaota meno. "Haya, kitendawili."

"Tega," mlinzi akajibu kwa shingo upande.

"Akikanyagwa kila siku, mzima. Akiachwa apumzike, anakufa."

"Sijui mie. Kamuulize bwana ardhi, yule pale."

Bwana ardhi, afisa wa serikali, alikuwa ameegemea gari la mwenye shamba, anakunywa chai ya mwenye shamba. Hakugeuza shingo.

"Mama, sheria iko wazi. Njia ya wananchi isipopitwa msimu mzima, inarudi kwa mwenye ardhi. Tumekagua. Nyasi zimefika magotini, hakuna hata unyayo."

"Si mlituandikia tusipite?"

"Kibao kilisema tafadhali. Mtu akikuomba, si unaweza kukataa?" Akapuliza chai yake. "Mngepita, njia ingekuwa yenu mpaka leo. Tena nasikia wewe ndiye uliyewazuia wenzako. Mwenye shamba anakushukuru sana."

Muuza maziwa akamtazama mpwa wake. Mpwa alikuwa anatazama buti zake, nazo mpya.

"Watoto wa kule juu watafikaje shule?" aliuliza.

"Barabara si ipo?"

Akajitwika dumu tena, akarudi getini. Mpwa alimfuata nyuma, na walipofika akasema taratibu, kama aliyefurahi kukumbuka kitu cha utotoni:

"Nimepata, shangazi. Ni njia."

Shangazi alitoka nje, akageuka, akavuta geti, akazungusha waya mara mbili na kuukaza kwa kidole gumba, kama siku zote. Ndani, mpwa akachomeka kufuli na kulibana.

"Asante," alisema. "Umenipunguzia kazi."

Ndipo shangazi alipoitazama mikono yake. Kule barabarani, gari la kiwanda likapiga honi ya mwisho.